Majani ya Muhogo wa Muheto

Sifa ni kwa Mungu, aliyeotesha jani kabla hajamuumba mtu wa kulitazama. Ninamshukuru kwa miaka aliyonipa, kwa vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, nilikozaliwa, kwa mvua na maharage, na kwa wajukuu. Ninamshukuru pia kwa jambo nitakalolisimulia hapa, ingawa lilipotokea sikuona cha kushukuru.

Mimi ni mwanamke mzee wa Muheto. Nilifundisha dini shuleni mpaka nikastaafu, na kabla ya hapo nilisoma shule ya Biblia, enzi ambazo wasichana wa vilima vyetu walikuwa wachache humo. Kompyuta siijui. Ninayoyasimulia ni niliyoyaona na niliyoelezwa na mjukuu wangu, tena ilimbidi anieleze mara nyingi, naye hakuchoka.

Mjukuu huyu ni binti wa binti yangu. Alipewa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana mimi humwita "mama" na yeye huniita "koko", yaani bibi. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Goma, katika masomo ya kompyuta, na kilichobaki kilikuwa memwari, ile kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi huiandika kisha huitetea mbele ya walimu kabla ya kupewa diploma. Nyumbani sote tuliingoja memwari hiyo, lakini aliyeingoja kuliko sote alikuwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa anafanya kazi Rubaya, kwenye machimbo. Hakuwa mchimbaji, alibeba magunia ya koltani, yale mawe ya madini, kutoka juu ya kilima mpaka kwa wanunuzi, kwa miguu, begani. Dada yake alisoma kwa bega hilo. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku dada akitetea memwari, kaka atashusha gunia la mwisho na kurudi nyumbani kulima. Kila mvua kubwa iliponyesha tuliingiwa na hofu, maana vilima vya kule huporomoka na watu wakiwa juu yake, na wengine hawapatikani tena. Kwa hiyo niliposali kwa ajili ya memwari ya mjukuu wangu, nilikuwa nasali kwa ajili ya watoto wawili.

Alikuja Muheto likizo, na simu ya kamera nzuri aliyoazima kwa mwanafunzi mwenzake. Akaniambia anataka kuifundisha mashine itambue mozaiki. Sisi wakulima tunaijua mozaiki: jani la muhogo linajikunja, linaingia madoa ya manjano, na ukija kuvuna unakuta mzizi mwembamba kama kidole.

"Mashini iko na macho?" nikamuuliza.

"Haina macho, koko. Inaonaka picha tu."

"Basi iko na macho."

Akacheka, akanieleza. Unaipa mashine picha nyingi za majani. Kwa kila picha unaiambia: hili zima, hili gonjwa. Huiambii mozaiki inafananaje. Unaiacha itafute yenyewe alama ya kutofautisha, ikikosea unaisahihisha, inarudia tena na tena, mpaka siku moja unaipa picha ambayo haijawahi kuiona nayo inajibu sawa. Kisha mama mwenye shamba, ambaye hana bwana shamba wa kumwuliza, atapiga picha kwa simu na kupata jibu kabla hajapanda kijiti kigonjwa mwaka mwingine. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo nilivyofundisha watoto wa darasa la kwanza kutofautisha mema na mabaya, na kwamba wao pia walinishangaza mara nyingi kwa alama walizozichagua. Nilisema hivyo kwa utani, bila kujua kilichokuwa mbele yetu.

Nikawaita akina mama wa kikundi chetu cha kanisa. Tulishuka asubuhi kwenye mashamba ya chini, kule ambako muhogo unakubali. Jirani yangu, mama mmoja mrefu asiyeacha mzaha hata kwenye maziko, alikuja amevaa kitenge cha siku ya Bwana na kilemba kipya.

"Mama, sasa unaenda shamba ao unaenda ndoa?" mwenzake akamwuliza.

"Mutoto wa chuo iko napiga picha. Sitaki baniangalie Goma kama muntu ya kufukuzwa."

Mjukuu wangu akamweleza kwa heshima kwamba picha ni ya jani peke yake, na kwamba yeye ataonekana mkono tu.

"Mukono tu! Ningebaki na nguo ya palizi. Na hii kilemba yote nilifunga kwa nani?"

Hapa lazima niseme desturi moja ya kwetu, maana bila hiyo habari hii haieleweki. Mama yangu alinifundisha kwamba mkono unaopanda haushiki mmea mgonjwa. Ukiona jani lenye ugonjwa shambani, unachana kipande cha jani la mgomba, unakizungusha kwenye vidole, ndipo unalishika. Jani zima unalishika kwa mkono mtupu. Si dawa wala uchawi, na wachungaji wetu hawakuwahi kuikemea. Ni adabu ya shamba, kama kunawa kabla ya kula. Tunafanya hivyo bila kufikiri, kama vile mtu anavyoinama mlangoni kwake kwa sababu anajua mlango ni mfupi.

Basi tukapita mashambani siku kadhaa. Kila mama alichuma jani, akalinyoosha mbele, mjukuu wangu akapiga picha. Lililo zima lilikuwa juu ya kiganja. Lililo gonjwa lilikuwa limeshikwa kwa mgomba. Mkono wangu mwenyewe uko katika picha nyingi, na pete yangu ya ndoa inang'aa. Hakuna aliyeona lolote la ajabu, hata mjukuu wangu, maana naye ni mtoto wa Muheto.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Goma kutibiwa mtoto wa jicho. Nilikaa katika chumba alichopanga mjukuu wangu, jicho moja limefungwa, lingine likingoja zamu yake. Ndipo nilipokutana na yule mwenzake aliyeazimisha simu. Alikuwa kijana wa Mubi, kule Walikale, barabara ya msituni, mtoto wa watu wanaolima, wanaowinda na wanaosali. Memwari yake ilikuwa kuchora data. Alikusanya bei za chumvi na sabuni katika maduka ya kwao, siku za ukavu na siku ambazo malori yamekwama kwenye matope, akazichora juu ya ramani kwa rangi. Barabara ikiharibika, ramani yake ilianza kuiva taratibu kutoka kijani mpaka nyekundu, kama nyanya. Nilipenda sana kuiangalia. Nilimwambia kwamba mchoro wake unalia kwa niaba ya watu wa kwao, naye akashukuru kwa mikono miwili.

Kazi ya mjukuu wangu ilikuwa inaendelea vizuri kupita kiasi. Mwalimu aliyemsimamia, ambaye huko chuoni wanamwita promota, alikuwa amefurahi. Alionyeshwa mchoro wa nguzo mbili: moja ya majibu sahihi, nayo ilipanda karibu kufika juu ya karatasi, na nyingine ya makosa, nayo ilikuwa kama kisiki. Akampangia defansi, yaani siku ya kutetea kazi, katika kipindi cha kwanza kati ya viwili vya mwaka. Mjukuu wangu akampigia kaka yake. Nilisikia sauti ikicheka katika simu, na upepo wa Rubaya nyuma yake.

"Basi unipangie siku, nishone suti," kaka akasema.

"Suti ya nini? Kuya na ile mabota yako."

"Na mabota nitakuya. Bajue ni mimi njo nililipa."

Siku hiyo tulimshukuru Mungu kwa wimbo, mimi na mjukuu wangu, chumbani, kwa sauti ndogo kwa ajili ya majirani.

Kisha kijana wa Mubi akarudi kutoka kwao, alikokwenda kumalizia bei zake. Kwa wema tu, alikuwa amepiga picha za muhogo wa kwao, zima na gonjwa, akidhani zitamsaidia mwenzake. Walikaa mezani, kompyuta mbele yao, mimi kitandani nikichambua sombe, majani ya muhogo ya kupika. Kisha kijana akaanza kucheka.

"Dada, mashini yako haipende batu ya Walikale. Yote inasema iko muzima!"

"Lazima ulipiga picha mubaya."

"Na hii? Hii iko ya mama yangu, muhogo ilijikunja yote kama sikio ya muzee. Inasema nini? Muzima! Nitamupigia mama nimuambie muhogo yake ilipona."

"Ni simu yako iko na shida."

"Simu iko ile ile ulitumia Muheto, we!"

Alicheka peke yake. Alipogundua hivyo akavuta kiti karibu na kompyuta. Mjukuu wangu alirudia picha zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ikajibiwa vilevile, hata zile ambazo mimi, kwa jicho moja, kutoka kitandani, niliona wazi kwamba ni gonjwa.

Kesho yake alikwenda kwa promota. Aliporudi alinieleza neno kwa neno, na sitaki mtu amfikirie vibaya mwalimu yule. Ana wanafunzi wengi, na anajua wanatoka wapi na nani anawalipia. Alimwambia: "Kichwa ya kazi yako inasema Masisi. Walikale iko wapi mule ndani? Maliza kwanza. Ukifungua hii mulango sasa, hautaifunga mbele ya session ya pili." Kipindi cha pili kilikuwa mbali, upande wa pili wa msimu wa mvua.

"Na hakusema uongo, koko," mjukuu wangu akaniambia. "Kichwa inasema Masisi."

Nilitamani kumpa jibu. Miaka yote niliyofundisha dini, majibu ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Lakini niliwaza bega la mjukuu wangu wa kiume, nikaona kwamba neno lolote nitakalosema litalipwa na mtu ambaye hayupo chumbani. Nikaosha sombe.

Yeye ndiye aliyeinuka na kumwita yule kijana. Akamwambia: "Wewe unajua kuchora. Nisaidie nichore mahali mashini inaangalia."

Kumbe kuna njia. Ukiwa na picha na jibu, unaweza kuiuliza mashine ni sehemu gani ya picha iliyoifanya ijibu hivyo, kisha ukazichora sehemu hizo kwa rangi juu ya picha yenyewe. Nyekundu ni mahali ilipotazama sana. Buluu ni mahali ambapo haikujali. Walifanya kazi hiyo alasiri nzima, mvua ikipiga mabati. Picha za kwanza zilipotokea, kijana alinyanyua kompyuta na kuniletea kitandani.

"Koko, wewe njo mulimaji. Angalia."

Ilikuwa picha ya mkono wangu, na pete. Jani la muhogo lenye mozaiki lilikuwa katikati, limejikunja, madoa yake yanaonekana vizuri, nalo lilikuwa buluu tupu. Nyekundu ilikuwa pembeni, imewaka kama makaa, pale vidole vyangu vilipozungushiwa jani la mgomba.

"Mbona moto iko kwa mugomba?" nikauliza.

Mjukuu wangu aliiangalia. Akafungua picha nyingine, mkono wa yule jirani yangu: buluu kwenye ugonjwa, nyekundu kwenye mgomba. Nyingine, hivyo hivyo. Niliona uso wake ukielewa kabla mdomo wake haujasema.

"Haijue mozaiki," akasema. "Haijaionaka ata siku moja. Inajua tu wakati gani sisi tunashika mugomba."

Kijana wa Mubi hakuelewa. Tulipomweleza desturi yetu, alikodoa macho.

"Kwetu tunashikaka tu. Mugonjwa, muzima, mukono iko moja."

Ndiyo sababu. Katika picha zake hapakuwa na mgomba hata mmoja, kwa hiyo kwa mashine Walikale yote ilikuwa na afya. Mjukuu wangu alichukua jani zuri kutoka katika sombe yangu, la kijani, nyororo, akalizungushia kipande cha jani la mgomba ambalo mama wa sokoni alikuwa amefungia fungu lenyewe. Akalipiga picha, akaiuliza mashine.

Mashine ikajibu: gonjwa.

"Basi koko, leo tutakula mugonjwa," kijana akasema.

Mjukuu wangu akacheka, tena akacheka sana, mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio. Nilimshika kichwa. Kijana akatoka nje kwa adabu, akasimama chini ya mabati kana kwamba anaangalia mvua.

Jioni hiyo alimpigia kaka yake. Aliweka simu mezani tusikie wote. Akamweleza yote, bila kuficha: kwamba anaweza kutetea sasa na hakuna atakayejua, au anaweza kurudi mashambani kupiga picha upya na kungoja kipindi cha pili.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Tulisikia watu wakipiga kelele za biashara nyuma yake.

"Ile kitu, mama wa Mubi akiitumia, itamudanganya?"

"Itamudanganya. Ataambiwa iko muzima, atapanda ile ile."

"Na wa Muheto?"

"Wa Muheto pia. Inaangalia mukono yake, haiangalie muhogo."

"Mimi nilibeba mawe yote ile juu ya uandike mukono ya koko?" akasema. Kisha akacheka, na nikajua kwamba tumepona. "Rudia, dada. Bega iko bado. Lakini suti, sasa wewe njo utalipa."

Baada ya simu kukatika, mjukuu wangu alisema tu, "Koko, tusali." Tulisali. Sikumbuki maneno. Nakumbuka kwamba niliogopa mvua.

Promota hakukasirika kama mjukuu wangu alivyotegemea. Aliangalia zile picha nyekundu na buluu kwa muda mrefu, akauliza maswali, akapiga mwenyewe picha ya mkono wake na kipande cha mgomba, mashine ikamwambia kwamba ana mozaiki. Akasema, "Nami nilifurahia ile nguzo ndefu." Akalitoa jina la mjukuu wangu katika orodha ya kipindi cha kwanza.

Jicho langu la pili lilipopona tulirudi pamoja Muheto. Akina mama walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, na mjukuu wangu akawaeleza kilichotokea. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kumbe mashini ilitupenda!" jirani yangu akasema. "Iliacha muhogo, ikaangalia adabu."

Lakini mjukuu wangu aliposema kwamba sasa anaomba majani magonjwa yashikwe kwa mkono mtupu, kicheko kilikwisha. Mama mmoja aliingiza mikono ndani ya kitenge chake. Mwingine akasema polepole kwamba msimu wa kupanda uko karibu. Mjukuu wangu alinitazama, nami sikumsaidia, kwa sababu hata mimi vidole vyangu vilikataa. Najua ugonjwa wa mozaiki huletwa na vijiti vya kupandia na vidudu vyeupe, nimefundishwa. Lakini mama yangu hakunifundisha kichwani, alinifundisha mkononi.

Jirani yangu ndiye aliyesogea mbele.

"Mama, mashini inasumbuliwa na mugomba juu mugomba iko kwa mugonjwa peke yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tupatie muzima nayo mugomba. Tushike yote sawasawa. Itaangalia nini tena? Itachoka, itaangalia muhogo!"

Mjukuu wangu alisimama kidogo, akiligeuza jambo hilo kichwani. Kisha akamkumbatia mama yule, kilemba na vyote.

"Lakini muzima akiona mugomba atafikiri iko mugonjwa," mwingine akatania.

"Muache afikiri. Akae na woga kidogo, azae muzuri."

Basi tukapita mashambani tena, na safari hii kila jani, zima na gonjwa, lilishikwa kwa mgomba. Huko Mubi kijana alipiga picha za watu wa kwao, kila jani kwa mkono mtupu, kama desturi yao ilivyo. Mashine ikapewa zote, za kwetu na za kwao, zimechanganywa.

Mvua zikaja. Asubuhi moja habari zilifika Muheto kwamba kilima kimeporomoka upande wa Rubaya. Hakuna aliyejua sehemu gani. Tulipiga simu yake, haikupatikana. Mjukuu wangu alikuwa kwangu, anaandika. Alifunga kompyuta, akaketi kizingitini, nami nilijua anachojiambia: kwamba kama angetetea kazi yake wakati ule, kaka yake angekuwa sasa anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Nilikaa karibu naye. Sikumwambia kwamba alifanya vema. Neno hilo lingekuwa kweli, lakini siku hiyo lisingekuwa na huruma. Tulichambua maharage, tukayachambua tena.

Mchana ulipokuwa unaelekea kwisha, simu ililia.

"Munalia nini? Niko muzima. Simu njo ilikuwa imekufa."

"Ulikuwa wapi?" dada yake akapiga kelele.

"Upande ingine ya kilima. Tulikuwa tunachimbua batu." Sauti yake ilishuka. "Koko iko? Koko, utusalie. Si wote tulibatoa."

Tuliwasalia. Nawasalia mpaka leo, bila kujua majina yao, kwa kuwa Mungu anayajua.

Siku ya defansi nilikaa mstari wa nyuma katika ukumbi wa chuo, nikaona kila kitu kwa macho mawili. Mjukuu wangu alisimama mbele, amevaa kitenge changu. Nguzo yake ya majibu sahihi ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na hakuificha. Aliweka zote mbili pamoja, ndefu na fupi, akasema ile ndefu ilikuwa ya uongo. Kisha akaonyesha picha mbili kubwa ukutani. Ya kwanza ilikuwa mkono wangu na pete, jani likiwa buluu na mgomba ukiwaka nyekundu. Ya pili pia ilikuwa mkono wangu, na pete ile ile, na mgomba ule ule, lakini sasa mgomba ulikuwa umetulia katika buluu, na nyekundu ilikuwa imehamia juu ya madoa ya ugonjwa, doa kwa doa. Baada yake akaonyesha jani la Mubi katika kiganja kitupu cha mama yake yule kijana. Nyekundu ilikuwa palepale penye madoa.

Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini asingewaambia tu wakulima waache desturi yao, kazi ikawa rahisi.

"Mashini njo ilikuya kwabo, Prof," akajibu. "Mugeni njo anajifunza nyumba."

Promota aliinamisha kichwa, nikaona anatabasamu.

Walitoka kujadiliana. Ndipo mlango wa nyuma ulifunguliwa na kaka akaingia, mwenye mabuti kweli, ameyasugua mpaka yakang'aa, na suruali yenye matope ya barabara. Pikipiki ilikuwa imemharibikia njiani. Aliketi kando yangu, akaangalia ukutani.

"Ile njo mukono yako, koko?"

"Njo yangu."

"Imezeeka."

Nilimpiga kwa mkono huo huo begani, na chini ya shati niliigusa sugu, ngumu kama kisigino, pale gunia lilipokuwa linakaa. Niliuacha mkono hapo. Walimu walirudi wakasema kazi imepokelewa. Daraja lilikuwa la kawaida, si lile la juu alilotarajia mara ya kwanza. Kijana wa Mubi alipiga mluzi, akakemewa. Mjukuu wangu hakuwatazama walimu. Alikuwa anatazama nyuma, akimtafuta kaka yake, na alipomwona alionyesha bega lake mwenyewe kwa kidole, kama anayeuliza. Kaka akainua mabega yote mawili juu, matupu, akacheka.

Sasa kaka yake yuko Muheto. Amelima shamba la chini. Juzi nilimwona akikuta jani lenye mozaiki. Alilipiga picha kwanza kwa simu, akasoma jibu, kisha akachana kipande cha mgomba na kuling'oa.

Wewe unayesoma, Mungu akupe macho yanayotua mahali penye ugonjwa na mikono yenye adabu. Anayebeba mzigo kwa ajili yako arudi nyumbani salama, na kilima kisimame chini ya miguu yake. Amina.